Kisutu cha Mwenyekiti Kilichokutwa Tengani

KIKUNDI CHA USHONAJI WA MABAKI, ZINGA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TISA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI 2025, BARAZANI KWA MWENYEKITI, BAADA YA SALA YA ALASIRI

WALIOHUDHURIA
1. Bi Badar Seif – Mwenyekiti na mwenye nyumba
2. Bi Samia Kitwana – Makamu, na mlinzi wa katiba kwa kujiteua
3. Ashatu Bilali – Fundi na mwalimu wa kikundi
4. Miza Mikdad – Mwanachama
5. Nadhira Pazi – Mkaza mwana wa mwenyekiti, anajifunza chini ya kiti cha nyumba ya mwenyekiti
6. Hajra Sheha – Katibu

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Adila Masoud – yupo harusini Mapinga

ASIYEHUDHURIA BILA TAARIFA
Wafaa Sleyum – alionekana na katibu akinunua vocha dukani wakati kikao kinaanza. Alipungia mkono.

KUMB. NA. 1/9/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua na kuwakaribisha wajumbe. Alieleza kwamba vikao vyote vilivyopita vilifanyika darasani madrasa, na kwamba hiki kimehamia nyumbani kwake kwa ombi la mkaza mwanawe, Nadhira, ambaye siku hizi hataki kutia mguu nje ya geti. Alisema alimtuma uzi dukani akakataa. Aliitwa harusini Mapinga, leo hii, akasingizia kichwa. Mwenyekiti alisema wasichana wa sasa wamelegea mno, na kwamba yeye akiwa na umri ule alikuwa akifua, akipika na kuuza vitambaa dukani kwa baba mkwe wake Bagamoyo mjini, tena akiwa mjamzito.

Wajumbe walimpa pole kwa mambo ya zamani. Nadhira alikuwa akitandika mikeka.

Mwenyekiti aliongeza kwamba mwanawe Haidar, mume wa Nadhira, hakuweza kuja Idi kutokana na zamu kazini kwake Tanga, lakini salamu zake zimefika. Hapakuwa na aliyeuliza.

KUMB. NA. 2/9/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

(a) Sharti la tenga. Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe sharti alilolitunga yeye mwenyewe katika kikao cha tatu, baada ya Bi Samia kunyanyua gagulo la Miza, sketi yake ya ndani, kwa vidole viwili mbele ya watu na kuuliza kama nyumba hiyo ina panya. Tangu hapo nguo kuukuu na vipande vya mabaki huletwa katika mfuko mweusi, humiminwa ndani ya tenga lililofunikwa shuka, na kila mmoja huingiza mkono bila kutazama na kushona kilichomwangukia. Ni marufuku kusema "hii ilikuwa yangu", na ni marufuku zaidi kuuliza "hii ilikuwa ya nani". Mwenyekiti alisema sharti hili ndilo heshima ya kikundi, na atakayelivunja aone mlango ulipo. Miza aliunga mkono kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

(b) Ombi la dada yake Miza. Dada huyo alihamia Mapinga na ameomba aendelee kuhesabiwa mwanachama. Bi Samia alisoma kifungu cha viti, ingawa hakuna aliyekuwa amekisahau. Kila nyumba ya Zinga ina kiti kimoja. Mwenye kiti anaweza kuja na binti yake au mkaza mwana wake, naye akajifunza na kutumia cherehani ya kikundi chini ya kiti hicho. Anayehama nyumba amehama kikundi. Miza alisema Mapinga si Ulaya. Mwenyekiti alijibu kwamba yeye mwenyewe angependa kumsaidia, lakini akimfungulia mmoja atafungulia wote. Ombi lilikataliwa. Miza aliomba iandikwe kwamba hakuridhika, na imeandikwa.

KUMB. NA. 3/9/2025: SOMO LA BLAUZI RAHISI

Fundi Ashatu alieleza kwamba blauzi ya somo hili haina kola, haina vifungo na haihitaji mtu awe na futi ya kupimia. Unachukua blauzi ya zamani inayokukaa vizuri, unaikunja katikati bega juu ya bega, unailaza juu ya kitambaa nacho kimekunjwa, kisha unapita na chaki ukingoni ukiacha nafasi ya vidole viwili kwa ajili ya mshono. Asiye na kitambaa kipana aunge kwanza vipande vidogo mpaka vipate upana, avipige pasi, ndipo akate. Kitambaa kigumu kiende mgongoni, kizuri kije kifuani. Shingo ya nyuma ikatwe fupi na ya mbele ishuke kidogo. Mabega yaungwe kwanza, mikono ipachikwe blauzi ikiwa bado imefunguka, halafu mshono mmoja uanzie ncha ya mkono, upite kwapani na kuteremka ubavuni mpaka chini. Shingo imaliziwe kwa upapi, ukanda mwembamba wa kitambaa uliokatwa mshazari ili usivute.

Wajumbe walisema wameelewa. Vitendo vilionyesha yafuatayo:

Miza aliikata shingo kwa hasira za Kumb. Na. 2(b). Alipoijaribu, blauzi ilipita mabegani ikateremka mpaka kiunoni bila kukutana na kizuizi. Alishauriwa aiite sketi.

Mwenyekiti alikata migongo miwili. Fundi alimweleza kwa adabu kwamba mvaaji atahitaji pia upande wa mbele. Mwenyekiti alieleza kwamba kosa ni la chaki.

Bi Samia hakukata chochote kwa kuwa alikuwa akisimamia.

Katibu alikuwa akiandika.

Nadhira alimaliza wa kwanza. Mshono wake wa kwapa ulikaa bila kukunjamana, na upapi wa shingo ulilala kama umezaliwa pale. Fundi aliugeuza huku na huku akitafuta kosa, kisha akasema kwamba akiachiwa cherehani mpaka mwisho wa mwaka, mkono huu utashona nguo za watu na watu watalipa. Mwenyekiti alisema amesikia, na akauliza chai imefikia wapi. Nadhira alikwenda kuitazama chai.

KUMB. NA. 4/9/2025: BLAUZI YA MFANO

Fundi alionyesha blauzi aliyoshona ili itundikwe mlangoni kwa kinyozi pale barabarani, wapita njia waone kazi ya kikundi. Alieleza kwamba aliishona kwa alichokitoa tengani katika kikao cha nane. Mgongo ni shati la kiume la mistari. Mikono ni pazia la maua. Kifua ni kisutu, ile khanga nyekundu na nyeusi anayopewa bibi harusi. Wajumbe walipiga makofi, na Miza akapiga kigelegele kifupi.

Mwenyekiti aliomba aishike. Aliigeuza nje ndani. Alipitisha kidole juu ya pindo la chini, akarudia.

Kisha alisema: "Kisutu hiki ni changu."

Bi Samia alimkumbusha kwamba hayo ni maneno yaliyokatazwa. Miza alisema visutu vyote vinafanana. Mwenyekiti alionyesha pindo la chini, lililoshonwa kwa mkono na uzi wa kijani, akaeleza kwamba alilipinda yeye mwenyewe siku ya harusi ya Haidar, na alitumia kijani kwa sababu mweusi ulimwishia na maduka yalikuwa yamefungwa kwa sala. Alisema alimfunika nacho Nadhira mabegani siku alipoingia nyumba hii. Kwa hiyo hakikutoka kabatini kwa miguu yake. Kimeibwa kilipoanikwa kambani, na aliyekiiba amekaa juu ya mkeka wake akisubiri chai yake.

Wakati huo Nadhira alirudi kutoka jikoni akakaa karibu na mlango.

Fundi alisema kwa upole kwamba sharti linakataza kuuliza. Mwenyekiti alijibu kwamba sharti ni la matambara, na kisutu si tambara. Alitoa hoja rasmi kwamba aliyetia kisutu tengani ajulikane, na akijulikana atoke katika kikundi leo leo. Bi Samia aliunga mkono. Bi Samia hajawahi kuacha kuunga mkono hoja ya kumtoa mtu.

Ndipo wajumbe walipoanza kujitetea bila kuulizwa. Miza alisema yeye alileta pazia la maua tu, ambalo alilishusha nyumbani kwa dada yake siku ya kuhama, na dada yake anaamini lilipotelea kwenye gari. Bi Samia alisema yeye alileta kanzu moja ya mumewe, ambaye anaamini iko kwa dobi. Fundi alisema shati la mistari ni la mchumba wake wa zamani na alifurahi sana kulikata. Katibu alipotazamwa alijibu kwamba mfuko wa katibu ni siri ya ofisi. Jibu halikupokewa. Katibu alileta magauni mawili ya kabla hajanenepa.

Kwa namna hii sharti la tenga lilivunjwa na wajumbe wote, mmoja baada ya mwingine, bila kura.

Nadhira alinyoosha mkono. Alisema: "Ni mimi, mama. Usiwasumbue watu."

Mwenyekiti aliuliza: "Wewe ndiye umekitia? Mimi nakufunika kisutu, wewe unakifanya tambara?"

Nadhira alisema: "Sikukifanya tambara. Haidar ameniacha."

Katibu aliacha kuandika kwa muda. Yanayofuata yameandikwa kutokana na kumbukumbu za kichwani, na wajumbe wameyathibitisha.

Nadhira alieleza kwamba Haidar alimpa talaka moja, kwa simu, kabla ya Idi. Bi Samia aliuliza kama ya simu inahesabika. Nadhira alijibu kwamba alikwishamuuliza shehe, na inahesabika. Shehe alimweleza akae eda yake humu humu katika nyumba ya mume na asitoke ila kwa dharura. Ndiyo maana hakwenda kununua uzi. Ndiyo maana hakwenda harusini. Na ndiyo maana aliomba kikao kije hapa, kwa sababu alitaka somo la blauzi lisimpite.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakuambiwa.

"Haidar alisema atakwambia mwenyewe," Nadhira alijibu. "Nikasubiri. Kila akipiga simu nilikuwa nasikiliza kama leo atasema. Mnaongea habari za dagaa, mnaagana."

Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini kisutu.

Nadhira alisema: "Kila nikifungua kabati nakiona. Kukivaa siwezi, mimi si mke wa mtu tena. Kukurudishia siwezi, ungeniuliza kuna nini. Nikakisukuma chini katika mfuko wako mweusi, kiende tengani. Si mlisema tengani haulizwi mtu?"

Swali hili limeandikwa kama lilivyoulizwa.

Mwenyekiti alipaliwa na chai, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. (Maneno "alipaliwa na chai" yameandikwa kwa ombi la mwenyekiti. Chai ilikuwa bado iko jikoni.)

Bi Samia alisema eda haijaisha, talaka ni moja, na mume ana nafasi ya kurejea. Alipendekeza Haidar apigiwe simu sasa hivi, simu iwekwe sauti kubwa, na kikundi kimweleze wajibu wake. Miza alisema yeye ana mawili matatu ya kumwambia, hata simu isiwe na salio. Nadhira alikataa. Alisema Haidar akitaka kurejea arejee kwa moyo wake, asisukumwe na kikao cha ushonaji.

Bi Samia alikumbusha kwamba hoja ya kumtoa aliyetia kisutu bado iko mezani na imekwishaungwa mkono. Wajumbe walimtazama. Alisema yeye anataja tu utaratibu.

Nadhira alisema hatabishana na hoja. Eda ikimalizika atakwenda kwa mama yake Mapinga, ambako viwanja vyote vimeshauzwa, hakuna shamba la kulima wala duka la kukaa. Alisema ana mikono yake tu, na mikono hiyo imeanza kujua kushona juzi, kwa cherehani ya kikundi. Hakulia. Aliomba kitu kimoja, aachiwe cherehani mpaka mkono ukomae. Baada ya hapo watamtoa.

Miza alisema: "Na Mapinga si Ulaya."

Bi Samia alifungua katiba, akaifunga.

KUMB. NA. 5/9/2025: KITI CHA NYUMBA YA MWENYEKITI

Ajenda hii haikuwa katika orodha. Iliongezwa na mwenyekiti.

Mwenyekiti alianza kwa kuondoa hoja yake. Kisha alimgeukia Nadhira na kusema maneno ambayo katibu ameruhusiwa kuyaandika: "Siku zote hizi unaamka unanipikia, na mimi nakaa na majirani nakusema umelegea. Nimekusema hapa hapa leo, wewe unatandika mkeka niukalie. Nimekosa, mwanangu. Ningekuwa nimejua, nisingesema. Na kutojua kwangu nako ni kosa, maana tunakula sinia moja."

Nadhira alisema yameisha. Mwenyekiti alisema hayajaisha, na akaendelea.

Alieleza kwamba kifungu cha viti kinasema nyumba moja kiti kimoja, na kwamba hakuna mahali kinaposema mwenye kiti lazima awe mama mkwe. Kuanzia leo kiti cha nyumba yake anampa Nadhira Pazi, awe analala Zinga, awe analala Mapinga. Ikiwa kikundi kina shida na Mapinga, kimwambie yeye.

Bi Samia alisema hana shida na Mapinga, ila anauliza: "Na wewe utakaa wapi, Badar?"

Mwenyekiti alisema atajifunza chini ya kiti cha Nadhira.

Bi Samia alisoma kifungu kwa mara ya pili. Alisema kinamruhusu mwenye kiti kuja na binti au mkaza mwana. Mama mkwe hatajwi. Tena uongozi ni wa mwenye kiti, kwa hiyo mwenyekiti akitoa kiti ametoa na uenyekiti. Mwenyekiti alisema anajua. Kifungu hicho alikiandika yeye.

Fundi Ashatu alipendekeza maneno "au mama mkwe" yaongezwe katika kifungu. Miza alipendekeza yaongezwe pia maneno "au dada aliye Mapinga". Wajumbe walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na nyongeza zote mbili zilipita. Bi Samia alinyoosha wa mwisho, lakini alinyoosha.

Nadhira alikubali kiti. Alisema hatakubali uenyekiti, maana kushona bado anajifunza na ugomvi hajajifunza kabisa. Iliamuliwa kwamba mwenyekiti mpya achaguliwe kikao kijacho. Bi Samia alisema hagombei. Alisema hivyo mara kadhaa.

KUMB. NA. 6/9/2025: MENGINEYO

(a) Mahali pa vikao. Iliamuliwa vikao viendelee kufanyika barazani hapa mpaka eda ya Nadhira imalizike, ili asikose somo. Cherehani ihamishiwe hapa kuanzia kesho.

(b) Blauzi ya mfano. Fundi aliuliza kama aifumue, mwenyekiti arudishiwe kisutu chake. Mwenyekiti alimtazama Nadhira. Nadhira alisema kisifumuliwe, kimekaa vizuri kifuani, na blauzi ikauzwe. Mwenyekiti alikubali.

(c) Wanaume. Miza alitaka kikundi kitoe tamko kuhusu wanaume wanaoacha kwa simu. Ilielezwa kwamba kikundi hiki ni cha ushonaji. Miza alisema ndiyo, na wanaume hao nao washonwe mahali. Hoja haikupigiwa kura, lakini ilichekewa, hata na Nadhira.

(d) Simu. Chai ilipofika, simu ya mwenyekiti iliita. Jina lililotokea lilikuwa Haidar. Bi Samia alisema pokea. Mwenyekiti aliitazama ikaita mpaka ikanyamaza. Ilipoita tena aliipokea, akasema: "Niko kikaoni. Jambo lako halimo katika ajenda ya leo. Njoo Ijumaa, panda gari uje, uniambie uso kwa uso uliyoshindwa kuniambia kwenye simu, maana mwenzio yeye ameyasema mbele ya watu." Alikata. Alimmiminia Nadhira chai kabla ya kujimiminia yeye, na akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi.

KUMB. NA. 7/9/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuja, na kwa yale waliyoyasikia ambayo hawatayarudia nje. Miza alimtazama katibu, na katibu alimtazama Miza. Kikao kilifungwa kwa dua saa 12:10 jioni, Magharibi ikikaribia.

Kumbukumbu hizi zimesomwa mbele ya wajumbe wote na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Saini: *Hajra Sheha*
KATIBU

Saini: *Badar Seif*
MWENYEKITI
("Mwenyekiti" limekatwa kwa kalamu na mwenye saini mwenyewe, na chini yake ameandika kwa mkono wake: *mwanafunzi, kiti cha Nadhira Pazi*.)